Maneno Yameanza Kuniingia

Ghorofani, juu ya duka la viatu,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ukiisoma umesimama utachoka kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Hujambo lakini? Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia daktari amekukataza kupanda ngazi, nami nakujua: ukikatazwa ngazi utaipanda mara mbili, ya kwanza kwa shughuli na ya pili kwa ukaidi. Na yule jirani yako anayeazima vitu bila kurudisha, bado hajahama? Nijibu yote hayo, usiniandikie tu kwamba "huku kwema" kama ulivyofanya mara iliyopita.

Sisi huku hatujambo. Mama Bosi anakusalimu. Bado ni mpima ardhi yuleyule, anashinda viwanjani na vigingi vyake, jioni anarudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Bosi mwenyewe, mjukuu wako, ameota jino la pili la chini na anatung'ata sote bila upendeleo. Tumembandika jina hilo kwa sababu ndiye anayepanga ratiba ya nyumba hii. Jina lake la kweli tunalitumia kliniki tu.

Mimi nipo. Ukiniuliza kama ni mzima nitasema ni mzima, lakini kuna jambo linanizunguka kichwani, na katika ukoo wetu sioni wa kumuuliza isipokuwa wewe. Wewe ndiye uliyekuwa ukicheka peke yako na kitabu mkononi mpaka wageni wanaulizana umepatwa na nini. Labda haya yaliyonipata unayajua.

Unakumbuka nilikwambia nimechukua likizo redioni ili nimlee Bosi. Kazi ya mama yake haingoji, mvua zikianza haipimiki ardhi, na mimi taarifa ya habari ya saa saba aliweza kunishikia mwenzangu anayesoma habari za michezo. Basi nikawa mimi wa nyumbani. Watu walicheka, wacha wacheke. Mwenye duka la viatu hapo chini alinikuta ngazini na beseni la nepi akaniuliza kama nimefukuzwa kazi au nimefukuzwa nyumbani. Nikamwambia nimefukuzwa kotekote, ndiyo maana ananikuta ngazini.

Sasa sikiliza ajabu ya kwanza. Mtoto huyu nikimwimbia analia. Nikimbembeleza kwa sauti yangu ya kawaida ananitazama kama mtu aliyekosea mlango. Lakini nikikaza koo na kusema, "Hii ni taarifa ya habari," anafumba macho. Mama yake anasema ni kwa sababu alipokuwa tumboni walikuwa wakinisikiliza pamoja kila mchana. Iwe hivyo, isiwe hivyo, kulala halali mpaka asomewe. Nikamsomea karatasi za ndani ya pakiti za dawa. Nikamsomea maelekezo ya jokofu. Nikamsomea bima ya gari la mama yake, na hiyo ndiyo iliyomlaza kwa muda mrefu kuliko zote. Karatasi zilipokwisha nikachukua kwenye rafu ya Mama Bosi riwaya moja nene, kuukuu, isiyo na jalada wala kurasa za mwanzo, hata sijui inaitwaje wala nani aliiandika.

Ili unielewe lazima nikueleze kazi yetu inavyofanywa. Msomaji wa habari hasomi kama wewe unavyosoma. Kabla ya kuingia studio anachukua penseli, anatia vimstari pale atakapovuta pumzi, anapigia mstari majina magumu, basi. Akishaanza, macho yanatangulia mbele, koo linafuata nyuma, na akili iko kwenye saa ya ukutani. Ukiniuliza baada ya taarifa nimesoma nini nitakwambia nimemaliza kwa wakati. Hiyo ndiyo sifa yetu, na mimi nilikuwa nayo kuliko wote.

Na hiyo riwaya nikaisoma hivyohivyo. Nikatia vimstari vya pumzi kuanzia ukurasa wa kwanza uliosalia. Nilikuwa nimefika katikati, Mama Bosi akiwa mezani anakula, akaniuliza inahusu nini.

"Kuna mwokaji," nikasema.

"Enhe, anafanya nini?"

"Anaoka."

Akangoja. Na mimi nikangoja, shangazi, nikidhani labda litakuja jingine, lakini halikuja. Nusu ya kitabu ilikuwa imepita mdomoni mwangu na kilichobaki ni mtu mmoja anaoka. Mama Bosi alicheka mpaka akapaliwa na mkate. Nami nikacheka, lakini ndani nilishtuka kidogo.

Halafu likaja la mwokaji wetu. Pale kwenye kona ya mtaa wetu kuna mwokaji wa kweli, mzee mnene mwenye mikono kama mito ya kulalia, na mtaa mzima unanunua mkate kwake. Siku hiyo joto lilikuwa kali nikafungua dirisha, nikamlaza Bosi begani, nikaanza kusoma sura mpya kwa sauti ya saa saba: "Mwokaji mkongwe wa mji huu, aliyewalisha wakazi wake kwa miaka mingi, amefariki dunia alfajiri ya leo akiwa mbele ya tanuri lake." Nikaendelea zangu hadi Bosi akalala.

Mwenye duka la viatu aliisikia huko chini. Na utamlaumu vipi? Sauti hiyo ndiyo aliyozoea kuambiwa nayo nani kafa na nani kateuliwa. Alivuta mlango wa duka nusu, akavua kofia, akaenda hadi kwenye kona uso umemshuka. Kumbe mwokaji yuko ndani anakanda. Alipotokea na unga hadi kwenye viwiko, mwenye duka alimkumbatia kwa nguvu, mbele ya watu waliopanga foleni, akamwambia redio imesema amekufa.

Sikumaliza kumlaza Bosi kitandani nikasikia mlango unagongwa. Mwokaji alikuwa hapo, anahema kwa ajili ya ngazi.

"Wewe bwana, kwa nini umenitangaza nimekufa?"

Nikamwonyesha kitabu, nikamwomba radhi, nikamweleza kuhusu mtoto. Alitulia. Akaketi bila kukaribishwa, kiti chetu chekundu kikawa cheupe. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia ugonjwa wake mwenyewe.

"Sasa huyo alikufaje?"

"Mbele ya tanuri."

"Na hao aliokuwa akiwauzia mkate, walilia?"

Nikafunua kurasa. Vimstari vyangu vilikuwa hapo, vimenyooka vizuri, na sikujua.

"Si umesoma?"

"Nimesoma."

"Basi walilia, hawakulia?"

Nikamwambia nitaangalia. Akasema atarudi kesho kwa sababu anataka kujua, akaondoka.

Shangazi, nilikaa na kile kitabu nikaona aibu kama mwanafunzi. Bosi alikuwa amelala tayari, sikuwa na sababu ya kutoa sauti. Nikasoma kwa macho tu, bila penseli. Hujui ilivyokuwa vigumu. Macho yalitaka kukimbia, nikayazuia kwa kidole, neno baada ya neno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Na hapo ndipo nikaona. Mwokaji yule alikuwa ameacha unga umeumuka chini ya kitambaa kabla hajafa. Watu walipotoka kumzika walikuta umefurika hadi sakafuni, hakuna aliyejua la kufanya nao. Mwishowe mwanamke mmoja mfua nguo akawasha tanuri na kuuoka kwa kubahatisha, mkate ukaungua. Wakaula vilevile, wamesimama.

Nililia, naapa. Nililia mpaka supu ikakauka jikoni na sufuria ya shemeji yangu, ile aliyotuletea wakati wa harusi, ikawa nyeusi ndani na nje. Usimwambie.

Kesho yake mwokaji alirudi kama alivyoahidi, nikamsimulia.

"Wameula umeungua?"

"Wameula."

Akajipangusa pua kwa mkono, unga ukambaki usoni. "Wangu ukizidi rangi kidogo tu wananirudishia," akasema, akainuka akaenda kazini.

Tangu siku hiyo sijui nimekuwa mtu gani. Nilimaliza kitabu kile nikakianza tena, sasa nikifuta vimstari kwa ufutio. Nikamaliza rafu yote ya Mama Bosi. Nasoma nikikoroga uji, nasoma nikimwogesha Bosi miguu, nasoma nimejifungia msalani na mtoto anagonga mlango kwa kijiko. Jioni Mama Bosi akirudi, hata buti hajavua, anauliza, "Haya, leo kimetokea nini?" nami namsimulia, na siku moja tulisimuliana mpaka tukasahau kula. Siku nyingine alikuta nguo zimelowekwa tangu asubuhi na mimi niko kitini na kitabu. Alizitazama nguo, akanitazama mimi, akaenda kuzisuuza mwenyewe. Nilijisikia vibaya, na bado nikamalizia ukurasa.

Mzazi anayeshinda nyumbani watu wanamwona hana kazi. Akikutwa na kitabu, hapo ndipo wanapata ushahidi. Hata mimi mwenyewe sijui kama ninafanya kazi au ninaiba. Lakini furaha ninayoipata, shangazi, mbona hukuniambia? Au uliniambia nikawa sisikii?

Kama mambo yangeishia hapo ningekuandikia barua fupi ya kuchekesha. Hayakuishia hapo. Wiki iliyopita yule mwenzangu wa michezo alipotewa na sauti. Mhariri akanipigia simu akaniomba nikasome taarifa moja tu. Mama Bosi alikuwa na siku ya mapumziko, akabaki na mtoto. Nikavaa shati la kazini, ambalo sasa linanibana tumboni, nikaenda. Fundi mitambo alinishangilia kutoka upande wa pili wa kioo. Nikakaa kwenye kiti changu, nikatia vimstari, taa nyekundu ikawaka.

Habari ya kwanza ilipita. Ya pili ikapita. Ya tatu ilikuwa fupi, ya aina niliyoisoma mara nisizoweza kuhesabu: watu wanne wa familia moja wamefariki dunia baada ya nyumba yao kuangukiwa na ukuta, majirani waliofika walikuta chakula cha asubuhi kikiwa bado mezani.

Niliposema "mezani" nikaiona ile meza. Nikaona vikombe. Nikajiuliza cha mtoto ni kipi. Na sauti ikakata.

Unajua kwa redio kimya ni nini? Ni kama dereva aachie usukani. Nilimwona fundi mitambo anapiga kioo kwa kiganja, halafu nikasikia muziki umewekwa. Nikainuka nikatoka studio. Mhariri alinikuta kwenye korido, wala hakufoka, bora angefoka.

"Umepatwa na nini?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Nilichokuwa nasoma."

Akaufunga mlango wa studio. "Ndugu yangu, habari haisomwi kwa moyo. Inasomwa kwa koo. Ukianza kuzisikia hutamaliza hata moja." Akaniambia nikapumzike, na keshokutwa Jumatatu nimpe jibu moja: ama narudi kwenye kiti changu nikiwa yule wa zamani, ama anampa mwenzangu wa michezo moja kwa moja.

Hapo ndipo nilipokwama. Kiti kile ndicho kazi yangu. Sijui kushona, sijui kuuza, sijawahi kushika kigingi cha kupimia ardhi. Nilichokuwa nacho ni koo ambalo halikuwahi kutetemeka, na sasa linatetemeka. Nikajaribu kujitibu. Niliweka vitabu vyote juu ya kabati, nikarudi kumsomea Bosi bima ya gari. Haikusaidia, ikazidi. Nilifika kwenye kifungu cha "mwenye gari akifariki" nikaanza kumwaza mwenye gari, ambaye ni mke wangu. Asubuhi mwenye duka la viatu akaniuliza kama kawaida yake, "Habari za asubuhi?" nikajikuta ninamjibu kweli, habari zote, na akachelewa kufungua duka.

Nikamuuliza Mama Bosi. Akasema yeye anapima ardhi, hapimi watu, ila nikiamua yuko nami, nisiamue tu kwa kuogopa. Nikamuuliza mwokaji. Akasema na yeye akianza kuuonea huruma unga hataukanda, halafu akafikiri kidogo akasema labda hilo si jibu. Nikabaki palepale. Zamani nilikuwa mgonjwa nisijue, na sasa napona? Au zamani nilikuwa mzima, na vitabu ndivyo vimenitia ugonjwa? Mara naona hivi, mara naona vile. Nikikaa naona hivi, nikisimama naona vile.

Alhamisi, saa saba, nilikuwa jikoni namlisha Bosi. Redio ilikuwa wazi. Yule mwenzangu wa michezo, sauti imemrudi, alisoma habari ya mazishi ya wale watu wanne. Alisoma safi, hakukwama popote, ila umjuavyo mtu wa michezo, kila sentensi alikuwa akiipandisha mwishoni kana kwamba goli limeingia. Bosi alisinzia kwenye kiti chake na uji kidevuni. Mimi nilisimama na kijiko hewani, nikiwa mtu pekee katika chumba kile aliyekuwa akizika watu. Nikajiambia, ndivyo nilivyokuwa mimi. Na mara likanijia jambo jingine lililonikalisha sakafuni. Hilo nitakwambia, lakini ngoja kwanza nitoe salamu, maana nikilisema sitaweza kurudi kwenye salamu.

Nisalimie mjukuu wako mkubwa, fundi saa, umwambie ile saa aliyonitengenezea inakwenda mbele lakini nampenda vivyo hivyo. Nisalimie mke wake na mapacha wao. Msalimie na huyo jirani wa kuazima, naye ni mtu. Mwokaji anakusalimu ingawa hakujui. Nilimwambia nina shangazi msomaji, akasema huyo ni mtu wa kuheshimiwa. Mama Bosi anasema goti lipakwe mafuta ya moto na lisipandishwe ngazi.

Sasa lile jambo. Mumeo alipofariki, miaka ile, zamu ilikuwa yangu. Mhariri alitaka kuniondoa siku hiyo nikakataa. Nikaketi nikasoma tangazo lake mimi mwenyewe: jina lake lote, useremala wake, siku ya mazishi, na mwisho kabisa kwamba ameacha mjane. Sikukwama hata silabi moja. Ukoo mzima ulinisifu. Wewe mwenyewe ulinishika mkono pale msibani ukasema sasa nimekuwa mwanamume, nami nikaamini kwamba ule ulikuwa ujasiri, nikatembea nao miaka yote hii. Shangazi, haukuwa ujasiri. Nilitia vimstari nikatazama saa. Lilipita kooni kama yale mengine, na msibani nilishughulika na viti na maturubai kama mtu aliyekuja kusaidia jirani.

Alhamisi, pale sakafuni, ndipo nililisikia. Lilikuja kwa sauti yangu mwenyewe, neno kwa neno, jina lake lote, hadi kwenye mjane, yaani wewe.

Basi Jumatatu nitamwambia mhariri kwamba nataka kiti changu, lakini yule wa zamani simpati tena. Nitasoma nikiwa nasikia, na nikikwama wanisubiri nimeze mate niendelee. Akikataa, ampe mwenzangu, mimi nitabaki na Bosi na rafu yetu mpaka nijue la kufanya. Sijui kama ni uamuzi mzuri. Sijui hata kama ni uamuzi. Usininyime jibu lako, hata kama litafika nimeshaharibu.

Lakini kuna neno moja ambalo sikukwambia siku ile uliponishika mkono, kwa sababu habari ilikuwa haijanifikia. Shangazi, nimesikia kwamba umefiwa na mume. Pole sana.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema, na akutunze wewe huko uliko mpaka tuonane.

Wako akupendaye,
mwana wa kaka yako.